Maana ya "ukuta wa nne" katika tamthilia

Ukuta wa nne ni ukuta usiojengwa. Chumba kinachoonyeshwa jukwaani huwa na kuta tatu, moja nyuma na mbili ubavuni, na upande wa nne unaowaelekea watazamaji huachwa wazi. Lakini waigizaji huendelea na mambo yao kana kwamba nao umezibwa, wakisemezana wao kwa wao na kamwe si na watu walioketi ukumbini. Ni kinyume kabisa cha mtambaji wa hadithi asemaye "Paukwa!" na asiyeweza kuendelea mpaka aitikiwe "Pakawa!".

Wazo hili ni la kale kuliko utekelezaji wake. Mwaka 1758 mwanafalsafa Mfaransa Denis Diderot aliwashauri watunzi na waigizaji wawaze ukuta mkubwa ukingoni mwa jukwaa, waigize kana kwamba pazia halijafunguliwa. Zaidi ya karne ilipita kabla ushauri huo haujawa desturi, na ndiyo maana siridhiki na maelezo yanayoifanya dhana hii kuwa ushindi wa fikra peke yake. Taa, milango na samani zilifanya kazi kubwa kuliko hoja.

Mwanzoni mwa karne ya 19, ukumbi wa maonyesho uliwashwa taa muda wote, watazamaji wakaonana na kuzungumza, na mwigizaji aliyetaka kuonekana sura yake alilazimika kusogea mbele, karibu na mwanga wa ukingo wa jukwaa, ambako ilikuwa jambo la kawaida kuuhutubia umati moja kwa moja. Nyuma yake mandhari yalikuwa vitambaa vilivyochorwa. Mwaka 1817 taa za gesi zilifika katika jukwaa la Drury Lane, London, na faida yake kubwa ilikuwa kwamba mwanga wa gesi uliweza kupunguzwa na kuongezwa kutoka mahali pamoja. Richard Wagner alipofungua jumba lake la opera huko Bayreuth, Ujerumani, mwaka 1876, ukumbi ulitiwa giza na wapiga muziki wakafichwa wasionekane. Mtu aliyeketi gizani, asiyemwona hata jirani yake, ni rahisi kusahaulika na mwigizaji, na yeye mwenyewe hujisahau.

Wakati huohuo chumba cha jukwaani kilikuwa kikigeuka kuwa chumba kweli. Kuanzia miaka ya 1860 tamthilia za Tom Robertson zilionyeshwa London kwa milango yenye vitasa na vikombe vya chai vilivyotumika kwelikweli. Mwaka 1880 jukwaa la Haymarket, jumba jingine la maonyesho la London, lilizungushiwa fremu ya dhahabu pande zote nne, mfano wa picha. Tamthilia ya mtunzi wa Norway Henrik Ibsen iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Copenhagen mwezi Desemba 1879, inayomhusu mke aitwaye Nora anayemwacha mumewe, humalizika kwa mshindo wa mlango mkubwa unaofungwa huko chini, nje ya macho ya watazamaji: mwisho wa namna hiyo huwagusa tu wale walioamini kwamba nyumba ile ipo. Mtunzi wa Uswidi August Strindberg naye, katika dibaji ya tamthilia yake "Miss Julie" aliyoiandika mwaka 1888, alilalamikia kuta za kitambaa zilizochorewa vyombo vya jikoni.

Kwa sababu hiyo, usemi "kuvunja ukuta wa nne", yaani mhusika kuwasemesha watazamaji moja kwa moja, haufai kutumiwa ovyo. Mhusika wa Shakespeare anayewaeleza watazamaji siri zake havunji chochote, maana katika zama zake ukuta huo haukuwapo.

Aliyeufikisha ukuta wa nne kileleni ni André Antoine, karani wa kampuni ya gesi jijini Paris, aliyeanzisha kundi la maigizo la Théâtre Libre mwaka 1887 na kulipamba jukwaa lake la kwanza kwa samani alizoazima nyumbani kwa mama yake. Baadaye alifundisha kwamba chumba kipangwe kwanza kikiwa na kuta zote nne, pamoja na madirisha, meko na viti vyake, bila kumfikiria mtazamaji, kisha ndipo uchaguliwe ukuta wa kuondolewa. Katika chumba kilichopangwa hivyo, baadhi ya viti huelekea upande mwingine, na waigizaji wake hawakuona vibaya kusema maneno mazito wakiwa wamewapa watazamaji mgongo.