Mzima wa Afya, Lakini Kromosomu Zimebadilishana Vipande

Mwanamume aliyeketi mbele yangu, katika kliniki hapa Moshi, alikuwa mpagazi wa Mlima Kilimanjaro, mtu wa kupandisha mzigo wa kilo 20 msimu baada ya msimu, na alishangaa nilipomwomba naye atolewe damu. "Daktari, mimi sijawahi kulazwa hata siku moja. Mimba zinamharibikia mke wangu." Mimba tatu zilikuwa zimetoka kabla ya wiki ya 12, na kwa miaka minne mkewe ndiye aliyepimwa peke yake, huku ukweni akinyooshewa vidole. Naiona hiyo kuwa dhuluma, nami nitaendelea kusema hivyo.

Afya ya mpagazi huyo sikuitilia shaka. Takriban mtu 1 katika 500 ana kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli) mbili zilizokatika na kubadilishana vipande, na kwa kuwa kwa kawaida hakuna kilichopotea wala kuongezeka, anaweza kuishi hadi uzeeni bila kujua.

Chukua doti mbili za khanga kama mfano wa jozi mbili za kromosomu, moja nyekundu na nyingine ya buluu, kila doti ikiwa na kipande kimoja cha kutoka kwa baba na kimoja cha kutoka kwa mama. Kata pembe ya kipande kimoja chekundu na pembe ya kipande kimoja cha buluu, kisha zishone kwa kubadilishana: kitambaa chote bado kipo. Shida huja pale mtoto anapopaswa kupewa kipande kimoja kutoka kila doti. Akipewa viwili visivyoguswa, au viwili vilivyoshonwa, amepata vyote. Akipewa kimoja kisichoguswa na kimoja kilichoshonwa, rangi moja inamzidi na nyingine inampungukia, na mimba ya namna hiyo mara nyingi hutoka mapema.

Damu ya kipimo cha kromosomu huwekwa katika chupa yenye heparini, dawa inayozuia damu isigande, kwa sababu seli lazima zifike maabara zikiwa hai. Huko seli nyeupe huchochewa zigawanyike kwa protini inayotokana na maharage, zao lilelile tunalolipanda chini ya migomba ya vihamba vyetu, na baada ya siku tatu hivi husimamishwa katikati ya kugawanyika kwa kemikali iitwayo kolkisini, kromosomu zikiwa zimejikunja na kuonekana vizuri kwa hadubini. Zamani wataalamu waliamini kwamba binadamu ana kromosomu 48, hadi Joe Hin Tjio na Albert Levan, waliofanya kazi Lund, Uswidi, walipochapisha hesabu sahihi ya 46 mwaka 1956.

Ipo pia aina ya mabadiliko ambayo kromosomu ya 14 na ya 21 huungana, mbebaji (mwenye mabadiliko hayo) akabaki na 45 na bado akawa mzima. Mama mwenye hali hiyo ana uwezekano wa takriban asilimia 10 hadi 15 wa kuzaa mtoto mwenye sindromu ya Down; kwa baba uwezekano huo ni mdogo zaidi.

Kati ya wenzi 100 wanaopoteza mimba mara kwa mara, watatu hadi watano hivi hukutwa na mmoja wao akiwa mbebaji. Mpagazi wetu alikuwa mmojawapo. Niliwaeleza kwamba wabebaji wengi hatimaye hupata watoto wazima, kwamba mimba ijayo inaweza kuchunguzwa kwa maji ya uzazi kuanzia wiki ya 15, na kwamba ndugu zake nao wanafaa kupimwa. Alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akamgeukia mkewe akamwambia kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayemweleza mama yake, jioni ileile.