Viatu vya Thakur: mwisho uliokatwa wa Sholay

Kila kijana anayekuja kwangu kujifunza uhariri wa filamu, namkalisha kwanza mbele ya Sholay, filamu ya Kihindi. Masteringi wake ni Dharmendra na Amitabh Bachchan, lakini mimi namwambia amtazame mzee mwenye shali, Thakur Baldev Singh, aliyeigizwa na Sanjeev Kumar. Kisasi ni chake.

Thakur alikuwa polisi. Anawakodi wezi wawili, Veeru na Jai, wamletee jambazi Gabbar Singh akiwa hai. Siku ya Holi, sikukuu ya rangi ya Wahindu, majambazi wanavamia kijiji. Vijana wamebanwa, bunduki iko chini karibu na miguu ya Thakur, naye haiokoti. Wanamjia juu kwa hasira, na mtazamaji anakasirika pamoja nao. Ndipo anaposimulia Gabbar alivyomtenda yeye na familia yake.

Hapo ndipo narudisha mkanda nyuma mara tatu, nne. Gabbar anamlenga mjukuu mdogo wa Thakur. Mlio wa risasi, halafu papo hapo treni inaingia stesheni ikimleta babu nyumbani. Mtoto hatumwoni akianguka. Baadaye Thakur amefungwa mikono huku na huku, Gabbar anainua panga mbili, anazishusha, na picha inakatwa: tumerudi leo, upepo unavuma, shali inadondoka. Mikono haipo. Hakuna tone la damu tuliloonyeshwa, na ukumbi mzima unashusha pumzi. Mhariri aliyefanya kazi hiyo ni M. S. Shinde, na mwaka ule tuzo yake ya uhariri ndiyo pekee ambayo Sholay ilipata kwenye Filmfare, tuzo za filamu za India.

Sasa tazama mantiki ya Salim Khan na Javed Akhtar, waliouandika mchezo huu. Mtu asiye na mikono atalipiza kwa nini? Kwa miguu. Ndiyo maana katika filamu kama ilivyopigwa kwanza, mtumishi wake Ramlal anaonekana akimtengenezea viatu vyenye misumari, na mwishoni Thakur anammaliza Gabbar kwa viatu hivyo hivyo.

Filamu ilitoka tarehe 15 Agosti 1975. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa India tarehe 25 Juni, na bodi ya udhibiti haikukubali polisi, hata aliyeacha kazi, aonekane akiua kwa mkono wake, au tuseme kwa mguu wake. Mkurugenzi Ramesh Sippy akalazimika kupiga mwisho mwingine: polisi wanatokea Gabbar akiwa chini, wanamkumbusha Thakur habari za sheria, naye anaacha.

Wengi wetu tumekua na mwisho huo, na tuliupenda. Kikazi lakini una jeraha. Tukio la Ramlal na viatu liliondolewa, kwa hiyo misumari inatokea soli ya kiatu inapoinuliwa, bila mtu kutuonyesha imetoka wapi. Unapokata mzizi, tawi linabaki likielea. Halafu polisi waliokosekana saa tatu nzima, kijiji kikiteketea, wanawasili dakika wanayohitajika. Siwalaumu waliohariri, waliamriwa.

Juni 2025, mwisho wa asili ulionyeshwa Bologna, Italia, baada ya filamu kukarabatiwa na Film Heritage Foundation pamoja na Sippy Films. Waliohofia kwamba ungemtukuza muuaji wautazame kwa makini. Thakur akishamuua Gabbar hashangilii. Analia. Kisasi kimekamilika, familia haijarudi, Jai naye amekufa katika vita hivyo. Veeru ndiye anayemkumbatia, kwa sababu mzee hana mkono wa kumkumbatia mtu, wala wa kujifutia machozi.