Kosa la 502: Nginx inapokosa jibu kutoka kwa programu

Ukurasa mweupe wenye maneno 502 Bad Gateway, na chini yake jina nginx, umeandikwa na seva ya wavuti yenyewe. Programu yako haihusiki na maandishi hayo. Maana yake Nginx iko hai, imepokea ombi la mtembeleaji, imejaribu kulipeleka kwa programu iliyo nyuma yake, na haikurudishiwa jibu linaloeleweka. Kwa hiyo kuizima na kuiwasha Nginx, jambo ambalo wengi hulikimbilia, ni kumtibu asiyeumwa.

Mpangilio wa kawaida ni huu: Nginx husikiliza poti 80 na 443, hutoa yenyewe picha na mafaili mengine yasiyobadilika, na maombi yaliyobaki huyapitisha kwa seva ya programu, iwe Gunicorn kwa Python, PHP-FPM kwa PHP, Tomcat kwa Java au Node kwa JavaScript. Njia ya kupitishia ni mojawapo ya mbili: poti, kwa mfano 127.0.0.1:8000, au soketi ya Unix, yaani faili kama /run/php/php8.3-fpm.sock. Kosa la 502 huzaliwa katika kipande hicho kifupi kati ya seva hizo mbili. Ndugu yake, 504, ni tofauti: hapo Nginx ilisubiri mpaka muda wake ukaisha, na usipoubadilisha muda huo ni sekunde 60. Wanaotumia seva ya wavuti ya Apache wajue kwamba mod_proxy, moduli yake ya kupitisha maombi, ikishindwa kabisa kuunganika na programu hutoa 503, hivyo tatizo lilelile laweza kuja kwa namba nyingine.

Kabla ya kugusa chochote, soma logi. Fungua terminali, andika sudo tail -f /var/log/nginx/error.log, kisha ufungue tena ukurasa unaogoma. Utaona mstari wenye namba ya kosa iliyotolewa na kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, na namba hiyo ndiyo itakayokuelekeza pa kwenda.

Namba 111, Connection refused, inasema hakuna anayesikiliza mahali Nginx ilipobisha hodi. Andika sudo ss -ltnp uone poti zinazosikilizwa, ulinganishe na ulichoandika kwenye proxy_pass, mstari wa mipangilio ya Nginx unaotaja anwani ya programu. Kama programu haipo kabisa kwenye orodha, journalctl -u ikifuatwa na jina la huduma yako itakuonyesha kwa nini haikuwaka: maktaba haijasakinishwa, nenosiri la hifadhidata si sahihi, au faili la mipangilio lina kosa. Kwenye Docker, ambako kila programu huendeshwa ndani ya kontena lake lililotengwa, kuna mtego unaowanasa wengi. Ndani ya kontena la Nginx, 127.0.0.1 ni kontena hilohilo, si la programu. Tumia jina la huduma, na uhakikishe programu inasikiliza 0.0.0.0. Tena Nginx hutafuta anwani ya jina lililoandikwa kwenye proxy_pass mara moja tu, inapowaka au inaposoma upya mipangilio. Ukiunda upya kontena la programu likapata anwani mpya, Nginx itaendelea kugonga mlango wa zamani mpaka uiambie isome upya.

Namba 2, No such file or directory, huhusu soketi: faili halipo pale ulipolitaja. Chanzo cha kawaida ni kupandisha toleo la mfumo. Ubuntu 22.04 huja na PHP 8.1 na 24.04 huja na PHP 8.3, kwa hiyo jina la soketi hubadilika huku mipangilio ya Nginx ikibaki na la zamani.

Namba 13, Permission denied, ndiyo inayopoteza saa nyingi, kwa sababu huduma zote mbili zinaonekana nzima. Mtumiaji wa Nginx ni www-data kwenye Debian na Ubuntu, na nginx kwenye jamii ya Red Hat. Mtumiaji huyo anahitaji ruhusa ya kuandika kwenye soketi na ruhusa ya kupita katika kila folda iliyo juu yake. Amri namei -l, ukiipa njia ya soketi, itakuonyesha ruhusa za kila hatua. Tangu Ubuntu 21.04, folda mpya za watumiaji ndani ya /home huundwa na ruhusa 750, hivyo soketi iliyowekwa huko haifikiki. Iweke ndani ya /run. Kwa PHP-FPM, katika mipangilio yake rekebisha listen.owner, listen.group na listen.mode iwe 0660. Usikimbilie chmod 777: inaifungulia soketi kila mtumiaji wa mashine, na huduma ikiwaka upya soketi huundwa upya na ruhusa zilezile za mwanzo.

Kwenye Rocky au AlmaLinux, za jamii ya Red Hat, namba 13 yaweza kutokea hata kwa poti ya kawaida. Hiyo ni SELinux, mfumo wa usalama ndani ya Linux, inayoizuia Nginx kufungua miunganisho, na dawa yake ni sudo setsebool -P httpd_can_network_connect 1. Hakuna haja ya kuizima SELinux nzima.

Namba 11, Resource temporarily unavailable, ikitokea kwenye soketi ina maana foleni imejaa. Tazama logi ya PHP-FPM kama imeandika kwamba pm.max_children, yaani kikomo cha idadi ya michakato yake, imefikiwa. Kabla ya kuongeza, piga hesabu: ukitenga GB 1 ya RAM kwa PHP na kila mchakato unakula MB 60, mwisho wako ni kama michakato 17. Ukizidisha, kerneli itaanza kuua michakato, na utakuwa umebadilisha kosa moja kwa jingine.

Ujumbe upstream prematurely closed connection ni habari nyingine: muunganisho ulipatikana, kisha mchakato ukafa au ukakata kabla ya kujibu. Gunicorn huua mchakato uliokaa sekunde 30 bila kumaliza kazi, na logi yake huandika WORKER TIMEOUT. Kwa kuwa Nginx ingesubiri hadi 60, mtumiaji hupata 502 badala ya 504. Unaweza kuongeza --timeout ya Gunicorn pamoja na proxy_read_timeout, lakini ripoti inayochukua dakika nzima ni bora ifanyiwe kazi nyuma ya pazia, kwa mfano kwa Celery, zana ya Python ya kazi za namna hiyo. Kama WORKER TIMEOUT haimo, angalia sudo dmesg -T | grep -i 'killed process' ujue kama RAM iliisha.

502 za kubahatisha, hasa kwenye POST, yaani maombi yanayotuma data, mara nyingi hutoka kwa Node. Yenyewe hufunga muunganisho uliokaa kimya kwa sekunde 5, wakati Nginx yenye keepalive (kutunza muunganisho ili utumike tena) kwenye upstream, yaani upande wa programu, huutunza kwa 60. Ongeza keepAliveTimeout ya Node ivuke ile ya Nginx. Na ukiona upstream sent too big header, vichwa vya jibu, kwa kawaida vidakuzi, vimezidi nafasi ya KB 4 au 8. Weka proxy_buffer_size 16k na proxy_buffers 8 16k. Kwa PHP-FPM majina huanza na fastcgi_.

Ukibaki na shaka, iruke Nginx uulize programu moja kwa moja: curl -v http://127.0.0.1:8000/, au kwa soketi, sudo -u www-data curl --unix-socket /run/gunicorn.sock http://localhost/. Sehemu ya sudo -u www-data ni muhimu, kwa sababu root hupita penye ruhusa yoyote na jaribio lake halithibitishi kitu. Programu ya Django (mfumo wa Python) ikijibu 400 kwa sababu ya ALLOWED_HOSTS, orodha yake ya majina ya tovuti yanayokubaliwa, njia ni nzima. PHP-FPM huzungumza itifaki ya FastCGI badala ya HTTP, hivyo curl haitafaa. Tumia cgi-fcgi kutoka kifurushi cha libfcgi-bin.

Ukishabadilisha mipangilio ya Nginx, andika sudo nginx -t kwanza, kisha sudo systemctl reload nginx. Reload haikati maombi yanayoendelea.