Je, wajua desmodiamu humalizaje kiduha shambani?

Ukipita kwenye mashamba ya mahindi ya ukanda wa Ziwa Victoria, kuanzia Mbita na Vihiga nchini Kenya hadi Tarime na Rorya upande wa Tanzania, huenda ukakuta shamba lililotandwa na mmea unaotambaa katikati ya mistari ya mahindi. Majani yake huota matatu matatu, na ukikatiza humo wakati wa mbegu unatoka na vijitumba vimekunatia kwenye suruali mpaka magotini. Huo ndio desmodiamu. Shamba la jirani, hatua kumi tu kutoka hapo, linaweza kuwa la zambarau kwa maua ya kiduha, na humu usikione hata kimoja. Kwa nini?

Kwa asiyekijua: kiduha, au gugu chawi, huishi kwa kunyonya mizizi ya mahindi, mtama na ulezi. Ua lake linapendeza, na ukiliona umeshachelewa, kwa sababu limekuwa likinyonya chini kwa chini kwa wiki kadhaa kabla ya kuchomoza. Mmea mmoja huweza kumwaga mbegu zaidi ya 50,000, ndogo mfano wa ugoro, na mbegu hizo hukaa ardhini zaidi ya miaka 10 bila kufa. Ndiyo maana mtu anang'olea mwaka huu, na mwakani kinarudi kana kwamba hakikuguswa.

Swali hili nililijibu vibaya kwa miaka. Nilikuwa na hakika kwamba kazi yote ni ya kivuli: desmodiamu inafunika udongo, kiduha kinakosa jua, kinakufa. Kwa hakika hiyo nilimshauri mama yangu mkubwa asihangaike kutafuta mbegu ya desmodiamu, apande tu viazi vitamu katikati ya mahindi, maana navyo vinatanda. Vilitanda kweli. Siku moja tukiwa shambani aliinama, akafunua majani ya viazi kwa mkono, akaniita. "Mwanangu, njoo uone. Umekifunika, nacho kimetoboa." Vijiti vya kiduha vilikuwa vimepenya kwenye majani ya viazi vikiwa na afya kamili, na mahindi yaliyokuwa juu yake yamenyong'onyea kama yaliyokosa mvua. Tulichimbua shina moja taratibu kwa kisu. Uzi mweupe wa kiduha ulikuwa umegandamana na mzizi wa hindi hivi kwamba hukuweza kusema mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi.

Jibu langu la pili lilikuwa rutuba. Desmodiamu ni jamii ya kunde, mizizi yake hushirikiana na bakteria kuvuta naitrojeni kutoka hewani, na kiduha hupenda udongo uliochoka. Hapa nilikuwa na sehemu ya ukweli, na sehemu ya ukweli ndiyo iliyonichelewesha. Kama ni naitrojeni pekee, basi kunde, soya na karanga zingefanya kazi ileile. Mazao hayo yamejaribiwa Mbita kando ya desmodiamu, na hayakuikaribia.

Ajabu ni kwamba hata watafiti hawakuwa wakikitafuta kiduha. Miaka ya 1990, Zeyaur Khan wa kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, akishirikiana na John Pickett wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted nchini Uingereza, walikuwa wanapambana na bungua, yule kiwavi anayetoboa mabua ya mahindi. Wakabuni mfumo wa sukuma-vuta: katikati ya mahindi unapanda mmea wa kumfukuza nondo wa bungua, na pembezoni unazungusha nyasi za mabingobingo za kumvuta. Mabingobingo humtongoza nondo kwa harufu saa ya kwanza ya usiku, anataga huko, na viwavi wake wengi hufa wakinaswa na utomvu wa gundi wanapojaribu kutoboa shina. Desmodiamu iliingizwa kama mmea wa kusukuma. Kisha wakaona kwamba palipokuwa na desmodiamu, kiduha kilikuwa kinatoweka.

Walichofanya baadaye ndicho kilichoniondoa kwenye kivuli. Walipima mchango wa kivuli na wa naitrojeni, wakakuta vinasaidia, lakini kuna kitu kikubwa zaidi kimebaki bila maelezo. Wakachukua maji yaliyopita kwenye vyungu vyenye mizizi ya desmodiamu, wakayaelekeza kwenye vyungu vingine vyenye mahindi na mbegu za kiduha. Majani ya desmodiamu hayakuwa karibu, kivuli hakikuwepo. Maji pekee yalitosha kupunguza kiduha. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2002. Kilichomo ndani ya maji ndicho kilichokuwa kinafanya kazi.

Ili kukielewa, tuanze na hindi lenyewe. Mzizi wa hindi ukikosa fosforasi huachia kwenye udongo kemikali ziitwazo strigolaktoni. Ni mwito kwa kuvu rafiki wanaoishi kwenye mizizi, ambao huchota fosforasi mbali na kuileta, nao hulipwa sukari. Fikiria mpiga debe stendi akiita abiria. Anaowataka ni kuvu. Lakini sauti ikishatoka kila mtu anaisikia, na mbegu ya kiduha imelala pale pale ikisubiri sauti hiyo hiyo. Bila mwito haiamki, hata ipate maji ya kutosha, hata ikae miaka. Ikiusikia, inajua kuna mzizi hai karibu, inaota, inadandia. Hata jina la kemikali hizi limetokana na jina la kitaalamu la kiduha, Striga. Ya kwanza ilitambuliwa mwaka 1966 kama kiamshi cha mbegu zake, na haikujulikana hadi 2005 kwamba mimea huzitoa kuita kuvu. Kwa karibu miaka 40 mwito ulibeba jina la mwizi.

Sasa desmodiamu. Mbegu ya kiduha ni abiria mwenye nauli ya safari moja. Ndani yake mna akiba ya chakula ya siku chache tu, na kimzizi chake huweza kusogea milimita chache tu. Ikishaota haiwezi kurudi kulala. Mizizi ya desmodiamu hutoa mchanganyiko wa kemikali, zikiwamo za kundi la flavonoidi, na ndani ya mchanganyiko huo zipo zinazoiamsha mbegu na zipo zinazodumaza kimzizi chake kabla hakijafika popote. Yaani mpiga debe anaita, abiria anapanda, anatoa nauli yote, na gari haliondoki. Mbegu inafia hapo chini, huku juu hujaona kitu.

Tofauti na kivuli ni kubwa mno. Kivuli, hata kingefaulu, kingeua kiduha cha msimu huu na kuacha mamilioni ya mbegu zikisubiri. Desmodiamu inaziamsha zilizolala na kuzimaliza, kwa hiyo akiba ya mbegu ardhini inapungua msimu hadi msimu. Na kwa kuwa mmea huu hudumu kwa miaka, kazi inaendelea hata mahindi yakishavunwa.

Niongeze tahadhari mbili. Kemikali hizi zilitenganishwa maabara, na kujua kila moja inachangia kiasi gani katika udongo halisi wa shamba ni kazi ngumu zaidi. Na upande wa juu ya ardhi, ule wa kusukuma wadudu, mjadala umefunguka upya. Miaka ya karibuni wapo watafiti walioripoti kwamba desmodiamu haitoi harufu nyingi ya kumfukuza nondo, na kwamba viwavi hunaswa na kuumizwa na vinyweleo vya majani na mashina yake. Wengine wamepima harufu hizo mashambani na wanasema zipo. Mimi, niliyekwisha kosea mara mbili, sitachagua upande leo. Kuhusu kiduha, hata hivyo, ushahidi ni imara.

Kwa nini basi mama mkubwa hakuweza kuipata mbegu kirahisi? Hapa ndipo swali la mimea linapokuwa swali la sera. Mwaka 2006 viongozi wa Afrika waliokutana Abuja waliweka lengo la matumizi ya mbolea kufikia kilo 50 za virutubisho kwa hekta. Mwaka 2022 Tanzania ilianza tena kutoa ruzuku ya mbolea, na Kenya ikashusha mfuko wa kilo 50 hadi shilingi 3,500, kisha 2,500 mwaka 2023. Sina ugomvi na mfuko wa mbolea; mkulima mwenye njaa anauhitaji. Ninachotaka ni mbegu ya desmodiamu iingie kwenye ruzuku hiyo hiyo, ikae kwenye ghala hilo hilo.

Upande wa kilimo hai nao una kosa linalofanana na langu la kivuli: kudhani kwamba kilimo hai ni kutotumia kitu. Sri Lanka ilipiga marufuku mbolea za viwandani mwaka 2021 karibu ghafla, na ingawa marufuku ililegezwa mwezi Novemba mwaka huo huo, mavuno ya mpunga yaliporomoka. Udongo hauponi kwa kunyimwa. Angalia tena mwito wa hindi: unapazwa zaidi fosforasi ikipungua, na desmodiamu huleta naitrojeni, haizalishi fosforasi. Inabidi itoke kwingine: samadi, mboji, au mawe ya fosfeti kama yale yanayochimbwa Minjingu, karibu na Ziwa Manyara. Anayeilisha ardhi fosforasi anapunguza hata sauti inayomwamsha kiduha.

Karatasi tunazo. Afrika Mashariki ina kiwango cha pamoja cha mazao ya kilimo hai tangu 2007, Uganda ina sera yake tangu 2019, Tanzania ina mkakati wa kilimo ikolojia hai wa 2023 hadi 2030, na Kenya wa agroikolojia wa 2024 hadi 2033. Ninachoomba kiandikwe kwenye bajeti za utekelezaji ni vitu vitatu. Mbegu, kama nilivyosema. Afisa ugani wa kumfikia mkulima zaidi ya mara moja, kwa sababu desmodiamu changa hukua polepole, hufanana na gugu, na wengi huipalilia wakaitupa. Na mikataba ya kukodi shamba inayozidi msimu mmoja. Hili la mwisho halisemwi vya kutosha: nani atapanda mmea wa miaka mitano kwenye ardhi ambayo Desemba mwenyewe anaidai? Wanawake wengi wa kwetu wanalima hivyo.

Mama mkubwa hakusubiri bajeti. Aliomba vipande vya mmea uliokomaa kwa jirani, kila kimoja kikiwa na vifundo viwili vitatu, akavifukia mvua ilipokolea, mkono wake wa kushoto ukiwa na ndoo ya samadi. Mwaka wa kwanza kiduha kilikuwepo. Wa pili kilipungua. Mwaka wa tatu nilipita mistari yote nikitafuta zambarau, nikapata vijiti viwili, pale kwenye kona ambayo mbuzi walikuwa wamekula desmodiamu ikiwa changa.