Kiki Bertens: mdada wa koti za udongo aliyejifunza kushinda kwenye koti ngumu

Nafundisha tenisi, na kila msimu lazima mzazi mmoja aniulize swali lilelile: kocha, mwanangu kwenye koti ya udongo anawanyanyasa wenzake lakini ukimpeleka koti ya simenti anapigwa kama ngoma, shida ni nini? Zamani nilikuwa naanza kuelezea mambo ya msuguano na mdundo wa mpira mpaka mtu anaangalia saa. Siku hizi namwambia tu, kaa nikusimulie habari za Kiki Bertens.

Wengi hawamjui, au wanamjua nusu nusu, na siwalaumu, hajawahi kucheza fainali ya Grand Slam, yale mashindano manne makubwa kuliko yote, kwenye singo, yaani mmoja kwa mmoja. Lakini huyu Mholanzi alifika namba 4 duniani Mei 2019, na hakuna mwanamke wa Uholanzi aliyewahi kufika juu kuliko hapo. Aliyekuwa anashikilia rekodi kabla yake ni Betty Stöve, aliyefika namba 5 enzi za miaka ya 70. Na Stöve naye ana kisa chake: Wimbledon ya 1977 aliingia fainali tatu, singo, dabo (wawili kwa wawili) na mseto (mwanamke na mwanamume kila upande), akapoteza zote tatu! Ile ya singo alifungwa na Muingereza Virginia Wade mbele ya Malkia. Namkumbusha kila kijana anayenililia eti ana mkosi.

Turudi kwa Kiki. Kazaliwa Desemba 1991, kwao ni Wateringen, mji mdogo karibu na The Hague, eneo la Westland ambalo ukipita unaona mabanda ya vioo ya kulimia nyanya na maua mpaka macho yanachoka. Klabu za Uholanzi zina koti nyingi za udongo mwekundu, kwa hiyo si ajabu mtoto wa kule akakua na miguu ya kuteleza. Taji lake la kwanza la WTA, yaani mashindano ya kulipwa ya wanawake, alilichukua huku kwetu Afrika, mjini Fes, Moroko, mwaka 2012. Alikuwa na miaka 20, na alianzia kwenye mechi za mchujo kabisa, maana rankingi yake haikutosha kuingia droo kuu moja kwa moja, akawafunga wote mpaka fainali.

Baada ya hapo ungedhani njia imefunguka. Wapi! Mwanzoni mwa 2013 alikuwa ndani ya hamsini bora, halafu akaanza kushuka, na mwaka 2015 wote kazi yake ilikuwa kupigania kubaki kwenye mia. Katika kipindi hicho akaanza kufanya kazi na Raemon Sluiter, mchezaji wa zamani wa Uholanzi, na kwa maoni yangu huo ndo uamuzi mkubwa kuliko yote aliyowahi kufanya kwenye kazi yake.

Mwaka 2016 mambo yakafumuka. Kwenye Fed Cup, mashindano ya timu za taifa za wanawake, Uholanzi waliwafunga Warusi palepale Moscow, halafu nusu fainali wakatolewa na Ufaransa 3-2, ila Kiki mwenyewe alishinda singo zake zote mbili. Mwezi Mei akaenda Nuremberg, Ujerumani, tena kupitia mchujo, akabeba kombe. Keshokutwa yake yuko Paris, Roland Garros, ile Grand Slam ya udongo, mechi ya kwanza anapangiwa Angelique Kerber ambaye ndo kwanza katoka kuchukua Australian Open ile Januari. Akamtoa! Akaja Giorgi, akaja Kasatkina ambaye walibanana mpaka 10-8 seti ya tatu, akaja Madison Keys, akaja Bacsinszky kwenye robo fainali. Hesabu mechi za Nuremberg na Paris pamoja, alikuwa hajapoteza mechi 12 mfululizo. Nusu fainali akakutana na Serena Williams huku msuli wa ndama ya mguu ukimsumbua, na bado Serena alitoa jasho, 7-6, 6-4. Tangu Stöve mwaka 1977, hakuna mwanamke wa Uholanzi aliyekuwa amefika nusu fainali ya Grand Slam kwenye singo.

Sasa hapa ndo niingie kwenye fani yangu kidogo, vumilieni. Kwa nini udongo ulimpenda? Kiki ni mrefu, mita 1.82, na forihendi yake, pigo la upande wa mkono wa raketi, ina topspini nzito, yaani mpira unazunguka kwenda mbele kwa nguvu sana. Mpira wa aina hiyo ukigusa udongo unafanya vitu viwili. Kwanza unapunguza mwendo, kwa sababu zile chembechembe zinaukamata. Pili unaruka juu, na mpinzani wa kimo cha kawaida anajikuta anaupiga kwenye usawa wa bega au sikio, sehemu ambayo hakuna mtu anapenda kupigia. Huku wewe mwenyewe umepata muda kidogo wa ziada wa kujipanga, unasimama nyuma kabisa ya mstari, unazungusha mkono wako wote kwa raha zako.

Ukimhamisha mtu huyohuyo kwenye koti ngumu, yale mazuri yake yote yanageuka deni. Mpira unakuja haraka na unapita chini zaidi. Ule mkono mrefu wa kuzungusha haupati muda. Akisimama nyuma, mpinzani anampiga pembeni kushoto, pembeni kulia, anakimbia mpaka ulimi nje. Mpaka katikati ya 2018 mataji yake yote ya singo yalikuwa ya udongo: Fes, Nuremberg mara mbili, Gstaad kule Uswisi, na Charleston, Marekani, kwenye ule udongo wao wa kijani. Koti ngumu hakuna hata moja. Watu wakampa jina, mtaalamu wa udongo, na ukishapewa jina kama hilo hata wewe mwenyewe unaanza kuliamini.

Halafu kuna hili ambalo nje halikuonekana. Mwisho wa 2017, mwaka ambao kwenye karatasi ni mzuri tu, mataji mawili ya singo na fainali ya dabo ya mashindano ya kufunga mwaka kule Singapore pamoja na Msweden Johanna Larsson, Kiki alikuwa anataka kuacha tenisi. Kuacha kabisa. Alikuja kulisema hadharani baadaye, kwamba alikuwa amechoka, hafurahii, kila wiki ni presha na ndege na hoteli. Mimi nilivyosikia sikushangaa sana. Mtu wa nje anaona mashindano, haoni kwamba kwenye tenisi karibu kila mchezaji anamaliza kila wiki kwa kufungwa. Kombe linachukuliwa na mmoja, wengine wote wanapanda ndege wakiwa wameshindwa, Jumatatu wanaanza upya. Ukiwa na akili inayojiuliza sana maswali, na yeye anayo, hiyo kitu inakula taratibu.

Hakuacha. Walichofanya na Sluiter, kwa jinsi ninavyousoma mchezo wake wa mwaka uliofuata, hawakumbadilisha akawa mtu mwingine, na hapa ndo wazazi wa wanafunzi wangu huwa nataka wanisikilize vizuri. Forihendi ilibaki ileile. Kilichobadilika ni mahali pa kusimama na wakati wa kuamua. Alianza kusogea karibu na mstari, sevu yake akaitumia kama silaha badala ya kuanzishia tu mchezo, na akipata mpira mfupi haurudishi kwa adabu, anaumaliza, ikibidi anaingia mpaka kwenye neti. Ukicheza hivyo makosa yanaongezeka, hilo halina ubishi, kuna siku utaonekana kichekesho. Lazima ukubali kabla hujaingia uwanjani.

Basi 2018 ikawa hivi. Aprili, Charleston, mvua ikavuruga ratiba, Jumapili akacheza nusu fainali na fainali siku moja. Kwenye nusu fainali Madison Keys alikuwa na machi pointi, yaani bado pointi moja tu ashinde mechi, Kiki akaokoa, akashinda kwa taibreki, ile gemu ya kuamua seti ikifika 6-6, kwenye seti ya tatu, jioni akampiga Görges 6-2, 6-1 kana kwamba asubuhi alikuwa amelala. Mei akafika fainali ya Madrid akapoteza kwa Kvitová, seti tatu. Julai kwenye nyasi za Wimbledon, ambako hakuna aliyemtarajia, akamtoa Venus Williams, akamtoa Karolína Plíšková, akafika robo fainali. Watu wakaanza kuinua nyusi.

Agosti, Cincinnati. Koti ngumu, tena ni katika zile za kasi. Wozniacki alijitoa katikati ya mechi yao, hiyo tuihesabu bahati, lakini akamfunga Svitolina, akamfunga Kvitová baada ya kupoteza seti ya kwanza, na fainali ni Simona Halep, namba 1 wa dunia, bingwa wa Roland Garros mwaka uleule, ambaye wiki moja kabla alikuwa katoka kuchukua kombe Montreal. Seti ya kwanza Halep 6-2. Nakumbuka nilisema moyoni, haya, imeisha, acha nikatafute chakula. Seti ya pili ikaenda mpaka taibreki, Halep akapata machi pointi, na Kiki hakusubiri Halep akosee, aliendelea kupiga. Akaichukua taibreki 8-6, seti ya tatu 6-2. Wakati anashukuru kwenye ugawaji wa kombe ndo akagusia kwamba chini ya mwaka mmoja nyuma alikuwa anafikiria kuacha. Chakula chenyewe kilipoa.

Mwezi uliofuata akachukua Seoul, koti ngumu tena. Mwisho wa mwaka, kwenye yale mashindano ya kufunga mwaka kule Singapore, alikuwa mchezaji wa akiba tu, Halep akaumwa mgongo akajitoa, Kiki akaingizwa, akamfunga Kerber, Osaka akaumia akajitoa katikati ya mechi yao, na mtu wa akiba akajikuta nusu fainali. Svitolina ndo alimtoa, kwa shida.

Madrid 2019 kwangu ndo kilele. Alishinda mashindano yote bila kupoteza hata seti moja, na hakuna mwanamke aliyekuwa amewahi kufanya hivyo pale. Njiani akalipa kisasi kwa Kvitová, akamtoa Sloane Stephens, na kwenye fainali Halep tena, ambaye angeshinda angerudi namba 1. Ikawa 6-4, 6-4. Wakati huo kombe la Madrid lilikuwa na pointi 1000, na rankingi ya tenisi inajumlisha pointi za wiki 52 zilizopita, ndo maana Jumatatu yake akawa namba 4. Ila kuna kitu kuhusu Madrid ambacho watangazaji wanakipita haraka: mji uko juu, kama mita 650 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, mpira unaruka kwa kasi kuliko udongo wa Paris au Roma. Yaani ni udongo lakini unamlipa mtu mwenye sevu na moyo wa kushambulia. Kwa hiyo yale aliyojifunza kwa ajili ya koti ngumu yakamrudishia faida kwenye udongo wake wa nyumbani. Hiyo kwangu ndo raha ya stori nzima.

Roland Garros iliyofuata wengi tulimpa nafasi ya kubeba. Raundi ya pili, mgonjwa, tumbo, alicheza gemu nne tu akaaga. Inauma bado. Wiki chache baadaye, 's-Hertogenbosch, mbele ya watu wake, akawa na machi pointi tano dhidi ya Mmarekani Alison Riske kwenye fainali, tano! akapoteza. Sikatai kwamba hapo presha ilihusika.

Mwisho wa 2019 wakaachana na Sluiter, akaingia Elise Tamaëla kama kocha, na Februari 2020 akatetea kombe lake la St Petersburg kwa kumfunga Rybakina. Taji la kumi, na la mwisho. Korona ikafunga kila kitu. Roland Garros ikahamishiwa vuli, baridi, mipira mizito, na ile mechi yake na Sara Errani ilipita saa tatu, akashinda 9-7 seti ya tatu huku misuli imemkaza mwili mzima, akatolewa nje kwa kiti cha magurudumu. Siku mbili baadaye anarudi anamfunga Siniaková kirahisi, sijui aliwezaje. Ila kano ya kisigino, ile ya Achilles, ilikuwa imeshamchosha muda mrefu, baada ya hapo akafanyiwa upasuaji.

Aliporudi 2021 mguu haukurudi naye. Kwa mchezo wake, wa kusukuma mwili mzima juu wakati wa sevu na wa kuingia ndani ya mpira, kisigino ndo injini. Juni akatangaza anastaafu, ana miaka 29, na mashindano ya mwisho yakawa Olimpiki ya Tokyo. Kwenye singo alipoteza raundi ya kwanza kwa Markéta Vondroušová, seti tatu, na Vondroušová akaenda mpaka fainali akaondoka na medali ya fedha.

Kwa wazazi wangu na vijana wao, tafuteni ile fainali ya Cincinnati, seti ya pili kuanzia taibreki. Msiangalie mpira, najua ni ngumu. Angalieni miguu ya Kiki, anasimama wapi anaposubiri sevu ya Halep. Jumamosi mkija uwanjani nitawauliza.