"Huyu Mvivu Tu, Mwalimu"

Wiki hii nimeisikia mara tatu. "Nyimbo anazishika, simu anaijua kunishinda, kitabu ndiyo hataki. Huyu mvivu tu, mwalimu." Kisha naelezwa viboko alivyokwisha kula.

Mvivu wa kweli habagui: atakwepa daftari, atakwepa na ufagio. Mtoto anayekusimulia hadithi nzima ya bibi bila kuruka kitu, halafu anatoka jasho kwenye mistari minne ya kitabu, si mvivu; huenda ana disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika usiotokana na uvivu wala upungufu wa akili. Mwaka 1896 daktari Pringle Morgan wa Uingereza aliandika habari za kijana wa miaka 14 ambaye mwalimu wake alisema angeongoza shule nzima kama masomo yote yangekuwa ya mdomo. Zaidi ya karne imepita, bado tunachapa.

Kiswahili nacho kinatufichia tatizo hili. Kwa kuwa tunaandika kama tunavyotamka, mtoto mwenye disleksia hatimaye huzishika silabi, na mzazi huridhika: "Mbona anasoma?" Anasoma, ndiyo, lakini neno alilolikuta mstari wa kwanza analiunga upya mstari wa tatu kana kwamba hajawahi kuliona, na akifika kwenye nukta amesahau sentensi ilianzaje. Kwa hiyo usihesabu makosa peke yake. Sikiliza kasi. Tazama na imla: "mbwa" inakuwa "bwa", "ng'ombe" inakuwa "gombe", mwezi hadi mwezi. Kiingereza kikija, chenye herufi zisizo na uaminifu, ndipo mambo yanapoharibika hadharani, na hapo miaka imeshapotea.

Kipimo changu cha kwanza hakihitaji karatasi. Mwambie: sema "kaka", sasa hiyo k ya mwanzo iwe p. Wa darasa la pili anayekwama hapo kila mara, huku wenzake wanacheka na kujibu, nataka kumwona. Tatizo liko kwenye kuzichambua sauti za maneno. Akili anayo.

Wazazi huniambia na mengine. "Anageuza b na d, basi ndiyo disleksia hiyo." Kwa mtoto wa miaka mitano au sita, hiyo ni kawaida. Tulia.

"Nimemnunulia miwani." Vizuri kupima macho, na masikio pia, hasa kama yamewahi kutoa usaha. Ila miwani haifundishi silabi.

"Lugha mbili zimemchanganya." Hapana. Mwenye disleksia atakuwa nayo hata mngezungumza lugha moja tu nyumbani.

"Amerogwa." Mara nyingi hurithiwa. Nikiuliza nani mwingine kwenye ukoo alihangaika na kusoma, baba huanza kuchunguza viatu vyake.

"Akikua ataacha." Haachi; anajifunza kujificha, na kila mwaka wa kungoja unaongeza kazi.

Mkija kwangu, nafasi aliyoshika darasani hainisaidii. Leteni madaftari ya imla, yale yenye wino mwekundu mwingi.