Gitaa la hevi metali si lazima liwe na pembe
Bukavu, kijana anayetaka kupiga hevi metali huambiwa achague gitaa jeusi lenye pembe kali, aliache lile la kawaida. Si ajabu, ndiyo yanayoonekana kwenye video. Lakini umbo huchangia sauti kidogo mno. Kazi kubwa hufanywa na vinasa sauti, zile sumaku zilizozungushiwa waya chini ya nyuzi. Chenye koili moja huvuma ukizidisha disto, yaani ule mkwaruzo wa sauti ya gitaa. Chenye koili mbili, zilizounganishwa kinyume, hupunguza sana mvumo wa umeme.

Dukani, chomeka yote mawili, kwa zamu, kwenye amplifaya ileile bila kubadili vitufe. Pandisha disto, ziba nyuzi kwa kiganja, usikilize kinachobaki. Kisha yapige ukiwa umeketi: mengine yenye pembe huteleza pajani.